Nimechora mabango kwa brashi miaka 19, hii tableti imenirudisha chekechea. Msaada wakuu

Brashi Namba Sita

Wakuu salama? Kama uzi wa hivi ulishawekwa naomba radhi, nimetafuta sijauona.

Mi ni mchora mabango, nipo Morogoro. Yale maandishi ya ukutani ya saluni, duka la dawa, vichwa vya kinyozi, ubavu wa daladala, "usikojoe hapa faini 50,000", yote hayo mikono hii hii. Sasa tangu mashine za flexi, zile za kuprinti mabango ya plastiki, ziingie mjini kazi imekauka, mteja anakwambia bango la mita mbili analipata ndani ya saa moja na sura yake mwenyewe imo, we unamwambia njoo baada ya siku tatu rangi ikauke, unadhani atarudi? Nikasema badala ya kukaa kulalamika kijiweni ngoja nijifunze kuchora humo humo kwenye kompyuta, wao wabaki na kuprinti.

Nikaazima laptopu ya shemeji, ya zamani kidogo, RAM giga 4, nikaanza kwa kipanya. Jamani. Kuchora kwa kipanya ni kama kuandika barua kwa kipande cha sabuni. Mtu akanambia tafuta tableti ya kuchorea, sio hizi za kuangalizia muvi, ile iko kama ubao mweusi haina skrini, unachora juu yake mchoro unatokea kwenye kompyuta. Nikaipata ya mtumba Kariakoo, laki na nusu, na kalamu yake.

Hapo ndo nilipopigwa. Nafika Moro nachomeka, taa inawaka, nagusa na kalamu, kimya. Siku nne nahangaika na driva, ile programu ya kuitambulisha tableti kwa kompyuta, nafuta naweka nafuta naweka, mpaka kijana mmoja wa stationari akaigeuza geuza akasema mzee hii kalamu sio ya huu ubao, angalia majina, kampuni mbili tofauti. Nimepanda basi mpaka Dar kwa nauli yangu, muuzaji ananiambia na yeye aliipata hivyo hivyo. Ikabidi niagize kalamu yenyewe, wiki tatu za kusubiri na elfu sitini nyingine.

Sasa inashika, ila ndo aibu imeanza. Mi duara nalipiga mkono mtupu ukutani, la mita nzima, ukiweka kamba kupima huoni pa kunisahihisha. Humu linatoka yai. Na sio yai la kutetemeka, ni yai safi kabisa limelala, kila nikichora. Mistari ndo usiseme, inatetemeka kama saini ya mgonjwa. Alafu sijui niangalie wapi, nikiangalia mkono sioni ninachochora, nikiangalia skrini mkono unapotea. Wiki ya pili hii. Mbovu ni mimi, ni kifaa, au ni umri? Nina 43.

kaptula_ya_kaki

Natandika mkeka hapa nisubiri wenye nondo zao.

Mtaa wa Nne

Miaka 43 mkuu si utafute ufundi mwingine tu, haya mambo ni ya vijana

kaptula_ya_kaki

@Mtaa wa Nne we ulivyo na 25 umechora nini?

Fundi Leya

Mkuu Brashi, nianze na kalamu maana wengi wanalia hapo. Tableti nyingi za sasa kalamu yake haina betri. Ndani ya ule ubao kuna gridi ya nyaya nyembamba zinatoa sumaku, na ndani ya kalamu kuna kakoili kanaipokea ile nguvu na kujibu, ndo ubao unajua kalamu iko wapi na umeikandamiza kiasi gani. Wacom ya Japani ipo kwenye hii biashara tangu 1983, Wachina kina Huion na XP-Pen walikuja baadaye sana, na kila mmoja kalamu yake inaongea lugha yake. Hata kampuni moja, modeli mbili zinaweza zisisikilizane. Kwahiyo mtu yeyote anayenunua mtumba, usitoe hela mpaka uone kalamu ikichora pale pale dukani. Tableti bila kalamu yake ni ubao wa kukatia vitunguu.

Sasa la yai. Nipe vipimo viwili tu. Sehemu ya kuchorea kwenye ubao ni ngapi kwa ngapi, na skrini ya laptopu ni ngapi kwa ngapi?

Brashi Namba Sita

Nimepima kwa tepu, inchi 10 kwa 6 na robo. Skrini kwenye setingi inasema 1366 kwa 768.

Fundi Leya

Mkuu huna ugonjwa wowote.

Kipanya ukikinyanyua ukakiweka pengine mshale haujali, unaendelea ulipoishia. Tableti sio hivyo, kona ya ubao ndo kona ya skrini, katikati ndo katikati. Sasa ubao wako ukigawanya upana kwa kimo unapata 1.6, skrini yako ukigawanya unapata karibu 1.78. Maana yake ubao wako ni mnene kuliko skrini, na driva ili iujaze upana wote wa skrini inauvuta mchoro kwenda pembeni. Kila sentimita 10 ulizochora, ya kusimama inabaki 10 ya kulala inakuwa 11 na kidogo. Ndo yai lako hilo limelala.

Fanya jaribio hili usiku huu. Chukua kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji (sio kizibo cha soda, chuma kinaweza kuivuruga ile sumaku), kiweke juu ya ubao, zungusha kalamu pembeni yake. Ukipata yai ujue sio mkono. Alafu ingia kwenye programu ya driva, sehemu inayoonyesha eneo la kazi, kuna mahali pa kuiambia ubao ufuate uwiano wa skrini. Nusu inchi na ushee ya chini itakufa, iache ife.

Na nikwambie kitu kingine. Anayeanza, duara lake linakosea leo hivi kesho vile. La kwako linakosea vilevile kila mara. Huo ni mkono wa fundi umepewa rula mbovu.

Brashi Namba Sita

Aisee.

AISEE.

Kifuniko cha chupa kimetoa yai. Nimerekebisha, nimechora tena, duara. Nimechora mkono mtupu, duara!! Nimejaza ukurasa mzima maduara kama mwehu mpaka mke wangu anauliza kuna nini, nikamwambia njoo uone, akaangalia akasema haya ni maduara. Wiki mbili nilikuwa najiona nimeisha kumbe ni kitufe kimoja. We Fundi Leya ukipita Msamvu nishtue, supu ipo.

Mkono wa Kushoto

Hongera mzee. Kwa mashoto wenzangu mnaosoma kimya kimya, driva nyingi zina sehemu ya kugeuza ubao nyuzi 180 ili vile vitufe vya pembeni visikae chini ya mkono wako. Mi nilikaa miezi mitatu nabonyeza kitufe cha kufuta kwa kiwiko bila kujua, nikawa nadhani programu ina pepo.

Fundi Leya

Sasa mistari. Mzee wewe ukutani unachora na nini, kiganja au mkono mzima?

Brashi Namba Sita

Mkono mzima, bega ndo linaenda. Kuna kile kifimbo chenye kitambaa kichwani, unakishika na mkono wa kushoto unakiegemeza ukutani, wa kulia unalala juu yake. Herufi ndefu unaivuta kwa pumzi moja, ukipumua katikati inaonekana.

Fundi Leya

Na kwenye tableti?

Brashi Namba Sita

Nimekunja kiganja kama naandika barua. Duh. Nimekuelewa.

Fundi Leya

Ndo hivyo. Eneo ni dogo kwahiyo mtu anajikunyata. Usogeze ubao mbali kidogo, unyooke na skrini yako usikae umepinda, kiwiko kiwe huru, alafu kabla hujagusa pita juu juu na kalamu mara mbili tatu hewani kama unapima, ndo ushushe. Ule mshale unaiona kalamu ikiwa juu kwa karibu sentimita moja, kwahiyo unaweza kufanya mazoezi bila kuchafua. Na uchore mkubwa, sogeza mchoro karibu, ukichora kitu kidogo katikati ya skrini kutetemeka kwa mkono kunakuwa sehemu kubwa ya mstari.

Unatumia programu gani? Kama hujaamua chukua Krita, ya bure, haina kuiba wala kukreki. Jina lenyewe kwa Kiswidi maana yake chaki, itakufaa wewe wa kupiga kamba ya chaki. Ina kitu cha kutuliza mstari, stabilaiza, ukiiwasha mstari unakuja nyuma ya kalamu kama mbuzi anavutwa kamba, unatoka laini. Tumia kwa herufi, ila kwenye mazoezi zima, utazoea kubebwa.

La kuangalia mkono au skrini halina dawa, angalia skrini. Wiki ya tatu ya nne ubongo unakubali wenyewe. We si unaendesha pikipiki bila kuangalia gia?

Karatasi Bondi

Mimi ninachofanya nabandika karatasi ya kawaida ya A4 juu ya ubao kwa selotepu. Ile sumaku inapita kwenye karatasi bila shida na unapata ule mkwaruzo, ile plastiki inateleza kama sahani ina mafuta. Hata mchoro wako wa penseli unaweza kuuweka pale juu ukaufuatisha na kalamu, unaingia kwenye kompyuta. Ubaya ncha ya kalamu inaisha haraka. Zikiisha za akiba kuna watu wanakata ule uzi wa nailoni wa mashine za kufyekea majani, wanachonga kichwa wanachomeka. Nimejaribu, inachora, ila utafute unaoingia bila kulazimisha, ukikwama mle ndani umeua kalamu.

Brashi Namba Sita

Nimeweka karatasi. Imekuwa kama ukuta uliopigwa plasta. Sitoi tena.

Swali lingine, presha. Mstari wangu ni unene ule ule nikandamize nisikandamize. Nilimwuliza kijana wa stationari "hii kalamu mbona haina presha", mama mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi akasema baba presha sio kitu cha kutamani.

Mkono wa Kushoto

😂😂 mama ana hekima zake

Fundi Leya

Ndani ya Krita nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya tableti, utakuta machaguo mawili, Wintab na Windows Ink, ni njia mbili za kompyuta kuisoma kalamu. Popote ilipo hamishia upande wa pili, zima washa. Mara tisa kwa kumi inarudi. Na kama uliwahi kuweka driva ya ile kalamu ya kwanza hakikisha umeitoa kabisa, driva mbili ni wake wawili chumba kimoja. Alafu ukishikilia kalamu ukaona kinatokea kiduara kinajizungusha kama maji, hiyo ni Windows inadhani unataka kubofya kulia, kaizime kwenye setingi za kalamu, inachelewesha mstari.

Na usije ukadanganywa na namba za kwenye boksi. Ngazi 8,192 za presha, ngazi 16,384, mkono wa binadamu hauoni tofauti hapo. Cha kushughulika nacho ni mchoro wa presha kwenye driva, ule mstari unaopanga ukikandamiza kiasi gani itoe kiasi gani. We umezoea brashi ya manyoya, mkono wako ni mwepesi, uulainishe ili ugusapo kidogo tu itoe.

mzalendo_halisi

Samahani lakini hii sio sanaa. Mashine inakunyooshea mstari, ukikosea unarudisha, unabandika tabaka juu ya tabaka. Mchoraji ni wa brashi na rangi, haya mengine ni kubofya. Mababu zetu walichora bila umeme.

Fundi Leya

Mkuu, Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwishoni mwa miaka ya 60 hakuwa na kitambaa cha turubai wala rangi za Ulaya za wasanii. Alichora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwasababu ndo vilivyokuwepo na ndo alivyovimudu. Leo ndo hiyo mnaita sanaa ya asili na watalii wanapanga foleni. Alifariki 1972, angekuwepo leo mi nadhani angeuliza tableti ni bei gani.

Brashi Namba Sita

@mzalendo_halisi ndugu yangu mi nimekosea herufi ya mwisho ya DUKA LA VIPURI saa kumi na mbili jioni mwenye duka amesimama nyuma yangu. Nimefuta kwa tina mpaka plasta ikatoka. Mwache mtu arudishe.

Msee wa Rongai

Sasa wadau wa TZ, mi niko Nairobi side, nachora matatu. Hiyo story ya brashi ni yetu pia, zamani ilikuwa ni rangi na mkono tu, saa hii mwenye gari anataka kuona kwanza vile nganya, yaani hiyo matatu yake, itakaa kabla atoe pesa. So napiga picha ya gari kwa ubavu, nikiwa mbali kabisa ndio isipinde, naiweka leya ya chini kabisa (leya ni kama karatasi za kuona ndani zimepangwa moja juu ya ingine), juu yake nachora. Akisema ondoa huyo msanii weka mwingine, nazima leya tu, sipigani na mtu. Akikubali ndio tunaenda kwa gari, pengine inaprintiwa stika, pengine jamaa wa kupuliza anaifuatisha na rangi. Brashi haijakufa bana, imehama tu mahali inakaa kwa foleni.

Kitu moja, chora bila madirisha kwanza alafu uweke leya ya madirisha juu. Mi nilichora sura poa ya jamaa, kufika kwa gari jicho liko katikati ya kioo cha dereva.

Brashi Namba Sita

Hiyo ya leya ndo imenifungua macho. Mi nilikuwa nachora kila kitu leya moja kama ukuta, nikitaka kubadili rangi ya nyuma nazunguka herufi zote na kifutio kidogo. Usiku mzima. Sasa herufi leya yake, kivuli chake leya yake, sura leya yake, nikaona utamu nikaweka leya 31.

Laptopu ikaganda.

Alafu umeme ukakata. Na betri ya laptopu ya shemeji ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa waya. Kichwa cha kinyozi, masaa matano, nywele nimechora moja moja mpaka ule mstari wa wembe. Sikuwa nimesevu hata mara moja kwasababu ukuta hausevu wakuu, ukuta ukichora umechora. Nilikaa gizani nimeshika ile kalamu mpaka nikacheka mwenyewe.

kaptula_ya_kaki

Pole sana mzee wangu. Hapa hata mi nimeumia.

Fundi Leya

Pole mkuu, kila mmoja wetu ana kaburi lake. Ukiiwasha Krita saa hizi huwa inauliza kama urudishe faili iliyojihifadhi yenyewe, angalia, pengine utakuta nusu ya kazi. Na muda wa kujihifadhi unaweza kuupunguza kwenye mipangilio. Ila kidole chako cha kushoto kiishi kwenye Ctrl na S.

Kuhusu kuganda, piga hesabu. Turubai la pikseli 4,000 kwa 4,000, kila pikseli inakula baiti nne, ni megabaiti 64 kwa leya moja ukiijaza. Leya 31 ni karibu giga mbili, na Windows yenyewe inakula yake kwenye hizo giga nne zako. Uliweka turubai la ukubwa gani?

Brashi Namba Sita

Bango la mita 2 kwa 1. Niliandika 300 pale kwenye ubora maana nilisikia ndo nzuri.

Fundi Leya

Mamaaa. Hiyo 300 ni pikseli kwa kila inchi, kwa bango lako ni zaidi ya pikseli 23,000 kwa 11,000. Laptopu ya shemeji imekuheshimu sana kuwaka tu.

Mtu wa Flexi

Nimesoma kimya kurasa zote, acha nijitokeze. Mimi ndo hao mnaotulaumu, nafanya kazi kwenye mashine ya kuprinti mabango, mkoa sitaji.

300 ni ya kitabu, kitu unachoshika mkononi. Bango linaangaliwa toka ng'ambo ya barabara, sisi 100 inatutosha na 72 tunaprinti kila siku na hakuna aliyerudi kulalamika. Mita 2 kwa 1 kwa 100 ni pikseli 7,874 kwa 3,937. Na kwa laptopu yako chora kwa 50 kwanza mpaka mchoro ukubalike, leya zilizoisha ziunganishe, ndo uipandishe mwishoni upitie kingo tu.

Rangi. Skrini inatoa mwanga, wino hautoi. Ile kijani ya kung'aa kama nyoka na ile bluu ya umeme unayoiona kwenye kompyuta haipo kwenye wino wetu, itatoka imefubaa na mteja atasema mashine mbovu. Krita inaweza kufanya kazi kwenye CMYK, yaani zile rangi nne za wino wa kuprinti, geuza uone mapema kabla hujamwonyesha mteja akaipenda. Na tafadhali, tafadhali, msitutumie faili kwa WhatsApp kama picha, inaminywa inafika imechoka, tuma kama dokumenti au leteni flashi.

Na niseme ukweli, mi najua kuprinti sijui kuchora. Vichwa vyote vya kinyozi ninavyoprinti ni wale vijana watatu wa Kimarekani wa kwenye intaneti, mkoa mzima unanyolewa na watu wale wale watatu.

Brashi Namba Sita

Hao vijana nawajua! Mmoja ana hereni. Wapo mpaka Kilosa.

Dada wa Pindo

Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, nachora michoro ya kanga, sijawahi kuandika humu lakini uzi huu umenivuta.

Kaka Brashi, kwa kuwa ushafika kwenye Krita, bonyeza herufi W uone. Turubai linajirudia pande zote, unachora ua linaingia mkono wa kulia linatokea wa kushoto, hakuna mshono. Mie zamani nilikuwa nachora kwenye karatasi, nakata vipande vinne navigeuza ndani nje, nabandika, nachora tena pale pa kuungia, siku nzima kwa ua moja la mji, ile sehemu ya katikati ya kanga. Sasa mji nauchora kwa W. Pindo sichori lote, nachora kipande na kona moja tu, nyengine nageuza. Kona ndiyo kazi, pindo la kusimama likikutana na la kulala bila mpango mwanamke anaiona kutoka mlangoni na haununui mzigo huo. Jina la kanga naliacha mwisho kabisa, leya yake peke yake, maana mwenye mali hubadilisha maneno mpaka siku ya kupeleka kiwandani.

Na M inageuza mchoro kama kwenye kioo, hiyo itumie kwenye sura za watu. Kosa ambalo jicho limeshalizoea litakuruka usoni.

Brashi Namba Sita

Waaleikum salaam dada. Nimebonyeza M. Kinyozi wangu ana taya moja la mtu mzima na moja la mtoto. Miaka 19 nachora vichwa hakuna aliyewahi kunambia, au ndo nyuso zote nilizochora Morogoro ziko hivyo? Kesho napita mtaani kukagua.

Mkono wa Kushoto

Leta mrejesho mzee, na picha

Brashi Namba Sita

Mrejesho. Nimepita. Ziko hivyo. Zote zimevimba upande wa kulia, maana ndo upande wangu wa brashi. Kuna mmoja niliuchora 2011 bado upo, nimesimama nikauangalia mpaka mwenye saluni akatoka kuniuliza kama nadai.

Ila ndo nimepata kazi hapo hapo. Nikamwonyesha kwenye simu vile vichwa vipya, watu wetu hawa hawa, mmoja kanyoa kipara, mmoja panki, mmoja kibinti cha mabutu, akasema nataka huyu wa panki awe kama mdogo wangu. Nikampiga picha dogo, nikakaa siku mbili, 50 kwanza kama nilivyoelekezwa, leya 9 tu. Kijani ya nyuma nikaifubaza mwenyewe kabla mashine haijanifubazia. Limeprintiwa Jumamosi. Maandishi ya mlangoni akasema hayo niandike kwa brashi, eti flexi mlangoni inapasuka na jua. Kwahiyo nimelipwa mara mbili, ya kuchora na ya kuandika, na kichwa cha 2011 nimekipaka chokaa mwenyewe bure.

Picha nimeiweka hapo chini, msinicheke masikio, masikio bado yananishinda.

Fundi Leya

Masikio yanamshinda kila mtu. Kazi safi sana mkuu, hiyo laini ya wembe imenyooka mpaka nimejishika kichwa.

Mtu wa Flexi

Mzee nicheki inbox. Nina saluni tatu zinasubiri na nimechoka na yule wa hereni.

kaptula_ya_kaki

Mi na mkeka wangu nimeshawishika, natafuta ya kuanzia. Sina laptopu lakini, nina simu tu.

Karatasi Bondi

Simu inawezekana. Angalia kwenye boksi kama inakubali Android, utahitaji kale kadapta ka OTG ka kuchomekea waya wa USB kwenye simu, na programu kama ibisPaint ipo ya bure yenye matangazo. Ila ukiwa kwenye simu ubao nyingi zinatumia kipande tu cha eneo, simu ikiwa imesimama kinakuwa kama upana wa tiketi ya basi. Kwa kujifunzia presha na leya panatosha. Au anza na kidole kwanza uone kama unaipenda kazi yenyewe kabla hujatoa hela.

Jirani wa Dodoma

Samahani wakuu narudi nyuma ukurasa wa kwanza. Mzee Brashi, ile kalamu ya kwanza, ile isiyo ya kwako, bado unayo? Mi nina ubao umekaa kabatini mwaka wa pili, kalamu yake iliibiwa na begi. Ina namba gani ubavuni?

Brashi Namba Sita

Ipo ipo. Ngoja niiangalie, mara ya mwisho nilimwona mtoto anakorogea uji.

Brashi Namba Sita

Nimeiosha. Inaanza na PN au PW, herufi ya pili imefutika. Nikupigie picha?